Kasa anaelea upogo siku ya tatu, nimrudishe baharini au nisubiri?

Swali (nimelifupisha, mwenyewe kanitumia voisi nne): "Dokta shikamoo. Mie mvuvi wa Makangale huku Pemba. Ijumaa alfajiri tulikwenda kuvuta jarife letu (wavu wa kulaza) nje ya Kigomasha tukamkuta kasa kanasa, kajizonga pezi la mbele la kulia mpaka nailoni imeingia ndani ya nyama, hapumui, shingo imelegea. Ami yangu akasema huyo keshakufa mtose, wengine wakasema tukamchinje, mie nikaona kope inacheza nikasema huyu namchukua. Nilipofika nikamtia kwenye simtangi lililokatwa nusu, maji ya bahari mpaka juu. Akazama, akanyanyuka, akakohoa, akaanza kupiga mapezi. Leo siku ya tatu, hali kitu na hazami, anaelea upogo, ubavu wa kushoto juu wa kulia chini. Gamba kama shibiri tatu, mkia mfupi kwa hivo nadhani jike. Kuna mtu kaja anataka kunipa pesa ampeleke Unguja kwa watalii. Mama anasema nimrudishe baharini akafie kwao. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma inuka kwanza ukapunguze maji kwenye hilo simtangi, yabaki ya kufika kingo za gamba tu, alale kwa tumbo na akitaka pumzi anyanyue shingo basi, asilazimike kuogelea. Na kama jua linampiga tupia makuti juu. Ushafanya? Haya.

Sisi tunaishi na bahari lakini kasa tunamchukulia kama samaki, hapo ndo tunapopotea. Yule ana mapafu kama mbuzi wako wa uani, anakwenda chini na pumzi aliyobeba. Akiwa katulia zake kalala chini ya mwamba anaweza kukaa masaa hajanyanyuka, ndo maana watu wanaapa kwamba kasa hafi maji. Lakini akinasa anapigana, na akipigana ile pumzi anaimaliza chap, ni kama wewe ukimbie huku umeziba pua na mdomo, damu inajaa asidi, mwisho uzalendo unamshinda anavuta maji. Sasa jarife mnalilaza magharibi mnalivuta alfajiri, kasa akiingia saa nne ya usiku hesabu mwenyewe. Huyo wako pengine aliingia karibu na alfajiri, au alinasa juu juu akawa anaipata pumzi moja moja. Bahati yake.

Bahati yake ya pili ni wewe kuiona hiyo kope. Ami yako simlaumu hata kidogo, kasa alokunywa maji anafanana na maiti kwa kila kitu, moyo unapiga pole pole mno kwa mkono huusikii, pumzi inaweza kupita dakika na dakika hujaiona. Mie huwa nagusa pembeni ya jicho kwa ncha ya kidole, alafu nafinya mkia. Kikicheza chochote, hata kidogo tu, yuko hai. Kisipocheza bado simwiti maiti mpaka masaa 24 yapite, labda awe ameshakakamaa mwili mzima au ameanza kunuka, hapo hatuna mjadala.

Sasa kosa lako ni lile la kumtia kwenye maji mpaka juu, na sikusemi vibaya kwa sababu mie nimelifanya kubwa kuliko lako, tena na vyeti vyangu mfukoni. Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo kazini, diko moja kusini Unguja, wavuvi wakaniletea kasa kalegea hivo hivo. Nikampindua mgongo chini, nikamkandamiza kifua kwa mikono miwili kama nilivyowaona wakubwa wakifanya, maji yakatoka mdomoni puu, watu wakapiga makofi, watoto wakashangiria, na yeye akafungua jicho. Tukambeba tukamtosa palepale, mie nikarudi zangu kunywa chai na mkate wa kumimina nikijiona daktari wa kweli. Asubuhi kuna mtoto kaja kunigongea, "Dokta kasa wako yupo pwani". Nikadhani kapanda kutaga! Kumbe maji yaliyojaa usiku yamemleta maiti. Nikampasua, mapafu yote mawili maji na povu jekundu.

Yale yalikuwa makosa mawili. Mapafu ya kasa yako mgongoni, yamebandikwa chini ya gamba la juu, kwa hivo ukimpindua matumbo yote yanayaangukia mapafu, na kule kumkandamiza gamba la tumbo ni kazi bure, zamani ilifundishwa hata vitabuni lakini imeshaachwa. La pili ni kumrudisha haraka. Kasa akifungua jicho hajapona, ile asidi kwenye damu inaweza kuchukua karibu siku nzima mpaka itoke, misuli haina nguvu, ukimwachia kwenye maji marefu anazama na nguvu ya kurudi juu hana. Anakufa mara ya pili, safari hii hakuna anaemuona na wewe unakwenda nyumbani na raha zako.

Kwa hivo siku nyengine, na ukivulia jarife itakuja tu siku nyengine, fanya hivi. Mlaze kwa tumbo humo humo chomboni, kichwa chini nyuma juu, tia rundo la nyavu au maboya chini ya makalio yake, nyuma inyanyuke sentimita 15 isipungue, na akiwa mkubwa inyanyue zaidi. Maji yatatoka yenyewe kwa mdomo. Kila baada ya muda shika kingo za gamba, mnyanyue upande mmoja kama vidole vinne hivi, mshushe, kisha upande wa pili, taratibu kama unambembeleza mtoto. Akae kivulini, mtupie kanga au gunia lililoroweshwa mgongoni na kwenye mapezi, pua iwe wazi. Asitiwe kwenye maji ya aina yoyote, ndoo, tangi, wala ngama ya chombo. Masaa manne, masaa kumi, hata 24. Ninyi endeleeni na uvuvi wenu yeye alale hapo. Akishachangamka akawa ananyanyua kichwa na anapiga mapezi kwa nguvu, hakikisheni nyavu zote ziko ndani, mashine imezimwa, mumshushe kwa tezi, nyuma ya chombo, pole pole. Najua inachosha, na najua kwenye dau dogo kasa wa kilo mia hana pa kulala, basi hapo mleteni pwani kama ulivyofanya wewe lakini asionje maji.

Turudi kwa huyo wako. Kuelea upogo maana yake kuna hewa imekaa pasipo pake, au upande mmoja umekuwa mzito. Kwa maelezo yako mie naona karibu zaidi nimonia, yani maji yaliingia pafu la kulia, bakteria wakafata, upande ule ukalemea. Pengine lakini ni pafu la kushoto lilitoboka wakati anapigana, hewa ikatoka ikajikusanya chini ya gamba. Au gesi ya tumboni, matumbo yamesimama kazi kwa mshtuko, au alishameza mfuko wa plastiki tangu zamani na jarife limekuja kumalizia tu. Na liko jengine ambalo wengi hawalijui: mwaka 2014 wataalamu wa Hispania walitoa utafiti unaoonyesha kasa anaevutwa na nyavu kutoka maji marefu anapata mapovu ya gesi kwenye damu, ule ule ugonjwa wa wazamiaji wanaopanda juu kwa haraka. Sisi tulisomeshwa kwamba kasa hawezi kuupata kabisa, kaumbwa kuzamia! Kwa hivo niambie jarife mlilaza pima ngapi, kama ni pima 5 hilo naliondoa.

Kwa macho huwezi kutenganisha hayo, wala mie siwezi, linatakiwa eksirei. Kwa hivo kazi yako wewe ni kumtunza asizidi kuharibika mpaka apatikane wa kumtazama. Usimtoboe na sindano kutoa hewa, nimeshaona mtu kafanya na sindano ikaingia kwenye pafu zima. Usimfunge jiwe azame, najua utaona video za hospitali za kasa wanabandika vizito mgongoni, lakini vile vimepimwa na vimewekwa pahala maalumu na mnyama anachungwa. Na tafadhali sana vidonge vya duka la dawa wacha, hata ukitwanga ukapimia kwa kijiko. Mwili wa kasa joto lake linafata maji, dawa inachukua siku nyingi kutoka, kuna antibayotiki moja ambayo mtu anapigwa mara tatu kwa siku moja na kasa anapigwa mara moja kwa siku tatu. Sasa wewe utajuaje.

Utunzaji wenyewe ni huu. Kivuli kwanza, kwa sababu ule upande unaotokeza juu ya maji unakauka na kuungua, gamba la kasa lina damu na lina maumivu, si kama kifuu. Weka kitambaa chenye maji, na ngozi ya shingo na mapezi ikionekana kupasuka paka mafuta ya mgando. Maji badilisha asubuhi na jioni, ya bahari safi, usichote bandarini penye oili. Mbwa, paka na watoto wakae mbali. Hasa watoto, kila anaekuja kugusa anamzidishia mshtuko, na mshtuko kwa mnyama mgonjwa unaua kweli. Usiku mwache gizani. Akizidi kudhoofika mpaka kichwa kinaangukia kwenye maji, mtoe kabisa, mlaze juu ya godoro bovu lililoroweshwa na vitambaa vibichi, kasa anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu kuliko unavyodhani mradi asikauke.

Kidonda. Hili usilichelewe. Hukuniambia kama nailoni yote imeshatoka, na mara nyingi mtu anakata ile inayoonekana, kuna duru moja imebaki ndani imefunikwa na nyama, inaendelea kukata kidogo kidogo mpaka pezi linakufa. Chukua mkasi mdogo na tochi, mtu mwengine amfunike macho kwa kitambaa kibichi, atatulia, alafu tafuta ule uzi mpaka chini. Kata vipande vipande utoe, usivute. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, ayodini ikiwepo tia kidogo kwenye maji mpaka rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi, kausha, kisha paka asali. Ndio asali, usicheke, hospitali kubwa za kasa Marekani zinatumia asali kwenye vidonda, na Pemba asali mnayo, ila iwe asali ya nyuki kweli isiwe ile iliyochanganywa na sukari. Baada ya kupaka akae nje ya maji nusu saa ishike. Majivu, mafuta ya taa, oili chafu ya mashine, hayo yote wacha, oili ndo mbaya kupita zote. Pezi likiwa jeusi, la baridi, ukilifinya halivuti, nijulishe haraka maana hapo anahitajika mtu wa kulikata, na kasa wa mapezi matatu wanaishi na wanaogelea vizuri tu, kwa hivo usikate tamaa kwa hilo.

Tazama na mdomoni, na nyuma chini ya mkia. Ukiona uzi umetokeza popote hapo USIVUTE. Ule uzi ndani umeshapita kwenye utumbo, ukivuta utumbo unajikusanya juu yake kama kiuno cha suruali kinavyojikusanya kwenye kamba, na unakatika. Kama anapelekwa kutibiwa acha kipande kitokeze, kama anaachiwa baharini kata karibu kabisa na mdomo.

Kula sasa. Siku tatu bila kula zisikukoseshe usingizi, kasa anaweza kwenda wiki kadhaa. Kwa ukubwa huo nadhani ni kasa wa kawaida, lakini hakikisha sio ng'amba: ng'amba mdomo umechongoka kama wa kasuku, na magamba ya mgongoni yamepandana kama vigae vya paa, wakati kasa wa kawaida magamba yamekaa ubavu kwa ubavu mgongo laini. Kama ni kasa basi chakula chake majani ya bahari na mwani, mtafutie mabichi, fungia kwenye jiwe yakae chini asilazimike kuyafata juu, akitaka atakula asipotaka yatoe kabla hayajaoza. Dagaa, mkate, wali, hapana. Na usimfungue mdomo kwa nguvu, taya lile likikamata kidole hakirudi. Kama ni ng'amba niambie, maana huyo anakula sifongo za mwambani na mambo yanabadilika.

Na jike au dume kwa mkia, bado mapema. Dume mkia unarefuka akishabaleghe, kabla ya hapo wote wana mkia mfupi, na huyo wa shibiri tatu bado kijana ingawa anaweza kuwa na miaka 15 au 20 huko. Ndio, miaka yote hiyo na hajazaa hata mara moja. Bado kidogo tu afike umri wa kupanda pwani kutaga, ndo maana kasa wa saizi hii akifia kwenye jarife mie huumia kuliko ukinionyesha viota vitano vilivyochimbwa.

Yale machozi mazito unayoyaona machoni mwake, mama yako labda kakwambia anawalilia wenziwe. Tulivyokuwa wadogo na sie tuliambiwa hivo. Ni chumvi, kasa anakunywa bahari na tezi zilizoko nyuma ya macho zinaitoa, na kwa kweli ukiyaona ni khabari njema kwa sababu macho makavu yaliyodidimia ni dalili ya kuishiwa maji mwilini. Lakini mama yako usimpuuze. Hoja yake ya kwamba mnyama arudi kwao mie naiunga mkono mia kwa mia, tatizo ni siku tu. Kasa anaeelea hawezi kwenda chini kutafuta chakula, hawezi kumkimbia papa, na huo mkondo wa Pemba unapita maboti na faiba za mashine kubwa, wala dereva hakioni kigamba kilichotokeza maji. Ukimwachia leo unampeleka kwa panga la mashine.

Huyo mtu wa pesa mwambie hapana, na mwambie leo leo kabla ami yako hajaanza kupiga hesabu. Kwanza sheria ya uvuvi ya Zanzibar inakataza kumkamata kasa, kumweka na kumuuza, na hata wewe kukaa nae hapo kimya kimya ni matatizo, ndo maana nataka uende kwenye kamati ya wavuvi ya shehia na kwa ofisa uvuvi wa wilaya Micheweni ukaripoti. Unakwenda kama mtu aliyeokoa, peleka picha za jarife na za kidonda. Huko kwenu tena mpo ndani ya PECCA, eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba, wenye dhamana wapo. Waombe na daktari wa mifugo aje. Atakwambia yeye kazoea ng'ombe na mbuzi, sawa, mpe simu niongee nae, sindano ni ile ile hesabu ndo tofauti.

Kuhusu vidimbwi vya watalii sitaki nionekane nawapinga wote. Bwawa la Mnarani kule Nungwi lilianzishwa 1993, maji yake yanaingia na kutoka na bahari yenyewe, kasa walionaswa na wavuvi wanapelekwa pale na baadae wanaachiwa, watoto wengi wa Unguja kasa wa kwanza kumuona ni wa pale. Lakini nimeshaingia kidimbwi chengine, sikitaji, maji ya kijani, kasa zaidi ya kumi wanagongana, mtalii analipa anashuka na mafuta yake ya jua mwilini anamkumbatia mmoja kupiga picha. Mgonjwa wako pahala kama pale ni wa kufa, na kabla hajafa anaweza kuwaachia wenziwe ugonjwa, kuna kirusi cha kasa kinacholeta vivimbe kama koliflawa machoni na mapezini. Kituo cha kutibu kasa hasa, chenye tangi la mmoja mmoja na watu wa kazi hiyo, kipo Watamu, Kenya, wale wana uzoefu wa miaka na wavuvi wao wamezoea kupiga simu wakinasa kasa. Kumvusha mnyama wa kulindwa kutoka Pemba mpaka Kenya ni karatasi na karatasi, sitegemei. Ila ushauri kwa simu wanatoa.

Ikitokea idara wakasema apelekwe Unguja, asafirishwe kwa tumbo juu ya godoro bichi, kivulini, asifungwe mapezi, asibebwe kwa mapezi maana mabega yanatoka. Wanne mshike gamba mbele na nyuma.

Na wale waliosema achinjwe. Mambo ya halali na haramu wataulizwa masheikh, mie naongelea sumu. Nyinyi Wapemba hamna haja ya kusimuliwa, Novemba 2021 walikufa watu 7 hapo hapo kisiwani kwa nyama ya kasa, na Machi 2024 Kisiwa Panza wakafa 9, wanane watoto, na 78 wakalazwa. Ile sumu inatokana na anachokula, yeye mwenyewe haimdhuru kwa hivo huioni kwa kumtazama, haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, dawa yake haipo, na mama akila inapita kwenye maziwa kwenda kwa mtoto mchanga. Kuna mtu atakwambia babu zetu walikuwa wakiwavua kwa chazo, yule samaki anaejibandika, na wakila na hawakufa. Wengine walikufa, ila hakukuwa na mtu wa kuandika.

Ami yako pia anaweza kukuletea ile khabari ya Oktoba 2025 kwamba kasa wa kawaida katolewa kwenye orodha ya walio hatarini duniani. Ni kweli, na ni jambo la kufurahia, imetokana na watu kulinda mayai na fukwe miaka na miaka. Lakini ile ni hesabu ya dunia nzima, pwani moja inaweza kumaliza wake huku dunia inashangiria, na ng'amba yeye yuko pale pale kwenye hatari kubwa kabisa.

Jarife lenyewe sitakwambia uache, sikulishi mie. Ninalokuomba msililaze juu ya majani ya bahari kwa sababu pale ndo jikoni kwa kasa, na usiku mlitazame angalau mara moja badala ya kulala mpaka alfajiri. Peru walijaribu kufunga vitaa vidogo vya kijani kwenye nyavu za kulaza, kasa walionasa wakapungua zaidi ya nusu na samaki wakabaki wale wale. Vitaa vinataka pesa, najua, na watu wa miradi wakija huwa wanakuja na fulana na kofia. Siku wakija tena waulize vitaa.

Lini arudi baharini: siku akiwa amekaa sawa kwenye maji, kulia na kushoto usawa mmoja, akizama mwenyewe anatulia chini, akipanda kupumua anapanda bila kuhangaika, mapezi yote yana nguvu, kidonda kikavu na hakinuki. Akianza kula ndo vizuri zaidi. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi, na inaweza isifike, nakwambia ukweli. Ikifika mpelekeni asubuhi maji yakiwa yanajaa, mbali na njia ya maboti na mbali na nyavu za mtu. Kabla ya hapo tazama mapezi ya mbele kama ana kibati cha namba, kama kipo usikitoe, andika namba na nchi iliyoandikwa, kasa wanatoka mbali, kuna duvi, aina nyengine ya kasa, waliowekewa vibati Afrika Kusini wakaja kuonekana huku kwetu.

Kesho asubuhi kabla hujabadilisha maji, ongeza yafike kama mapajani kwako kwa dakika kumi tu na wewe usimame hapo hapo, mpige video kwa juu na kwa ubavuni, hesabu kapanda kupumua mara ngapi, kisha upunguze tena. Nitumie pamoja na picha ya kidonda na ya mdomo. Na ile nailoni mliyoikata mwambie ami yako asiiache pwani, aichome au aifukie mbali na maji.